Ujumbe Umesomwa na Mama

Duka lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu, na mtaa mzima ulimwita mwenyewe Mama Kopi, hata wale waliowahi kulijua jina lake. Alitoa fotokopi, alichapa barua, alipiga picha za pasipoti mbele ya shuka jeupe lililoning'inizwa kwa vibanio vya nguo, na alitia plastiki vyeti vya watu walioogopa mvua kuliko walivyoogopa wakubwa wao. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, miwani mbili na kompyuta mbili, na katika kila jozi kimoja kilikuwa kibovu.

Kazi iliyomlisha hasa haikuandikwa kwenye kibao cha nje. Aliwafungulia watu barua pepe. Mzee wa pensheni, binti wa chuo, dereva anayetafuta leseni mpya, wote waliketi kwenye stuli ileile, wakataja jina, wakataja tarehe ya kuzaliwa, na walipofika kwenye neno la siri wakasema kitu kilekile: "Weka lolote tu, Mama Kopi. Si wewe ndiye unayejua?"

Hapo ndipo alipokuwa mkali. Aliwasogezea kibodi, akageuka akatazama ukuta mpaka wamalize, kama muuguzi anayempisha mgonjwa avue shati. Kwenye ukuta huo alibandika karatasi ya herufi nene: NENO LA SIRI HALITAJWI KWA SAUTI. Chini yake mteja mmoja aliongeza kwa kalamu: HATA KWA MUME. Maneno hayo yalikaa pale miezi mingi, na Mama Kopi, ambaye hufuta hata alama ya kidole kwenye kioo cha skana, hakuyafuta.

Sababu ilikuwa mdogo wake wa mwisho, Kitinda. Miezi tisa nyuma, asubuhi ya siku ya kazi, Kitinda alitoka kwa mumewe na watoto wawili, begi moja la shule, na mkono wa kushoto uliokuwa bado kwenye plasta. Hakuanguka ngazi, ingawa ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti cha hospitali. Alikwenda mji mwingine, mbali. Mji huo waliujua watu wawili tu: Mama Kopi, na kaka yao wa katikati, fundi wa magari aliyeitwa Injini kwa sababu hajawahi kunyamaza bila kuzimwa. Mtaa na nyumba Kitinda hakuwaambia hata wao. "Akija kuwabana," alisema, "mtakuwa hamna cha kutapika."

Mama Kopi alishughulikia yaliyobaki. Laini mpya. Simu iliyofutwa mpaka ikarudi kama ilivyotoka kiwandani. Ramani izimwe, kamera isiandike mahali, jina la utani libadilike, picha za watoto zisionekane popote duniani. Alizima, alifunga, alikagua, akarudia kukagua. Mwisho, akiwa ameridhika na kazi yake, alimwingiza mdogo wake kwenye grupu la familia kwa namba mpya. Kwa mkono wake mwenyewe.

Grupu liliitwa Watoto wa Mama, na lilikuwa na watu wanne: Mama Kopi, Injini, Kitinda, na mama yao, aliyekuwa amefariki miezi mitano kabla.

Hakuna aliyeweza kumtoa marehemu. Mama ndiye aliyeanzisha desturi ya kila Jumapili: kila mtoto atume picha, "nione mmeamkaje," na asiyetuma alipigiwa simu akaulizwa kama mikono imekatika. Yeye mwenyewe hakuandika hata siku moja. Alituma sauti, akiwa ameishika simu mbele ya mdomo kama kipande cha mkate. Baada ya mazishi Mama Kopi aliwahi kugusia kwamba pengine sasa jina lile liondolewe, na Injini akajibu mara moja: "Mama hatolewi kwenye grupu. Akitaka atatoka mwenyewe." Basi akabaki, na kilemba chake cha manjano, na kidole chake kikiwa kimeziba robo ya picha. Nao wakaendelea. Kila Jumapili, kama zamani: "Mama, sisi wazima." Kisha picha.

Mumewe Kitinda, shemeji, mwezi wa kwanza alikuja dukani kupiga kelele. Wa pili alikuja kulia. Wa tatu alikuja kutoa fotokopi ya kitambulisho, akaamkia vizuri, akachukua karatasi zake, akaondoka. Hakuuliza mke wangu yuko wapi, wanangu wako wapi. Mtaa ukasema amekubali yaishe. Mama Kopi naye alisema hivyo, tena kwa shukrani, na hakujiuliza ni kitu gani humfanya mtu aliyekuwa akitafuta aache kuuliza.

*

Jumatatu moja, saa tano asubuhi, aliingia fundi bomba mwenye kesi.

"Mama Kopi, kuna meneja mmoja nimemwandikia mara sita. Anasema hajaona. Mimi naona alama mbili tu pale chini, za kijivu. Ni kweli hajaona au ananichezea?"

"Ulimwandikia yeye peke yake au kwenye grupu?"

"Grupu la kazini. Tuko kumi na moja."

"Basi tulia nikufundishe." Alipenda kufundisha, ndiyo anasa pekee aliyojiruhusu. Akachukua simu yake mwenyewe, akafungua Watoto wa Mama. "Kwenye grupu alama haziwi za buluu mpaka watu wote wasome. Mmoja tu akikosa, zinabaki za kijivu. Ukitaka kujua nani amesoma, unabonyeza ujumbe, unashikilia, unaingia hapa. Unaona? Huu niliutuma jana."

Fundi bomba aliinama. Alikuwa mtu wa mabomba, amezoea kutafuta maji yanapotokea.

"Alama zako ni za buluu," akasema.

"Ndiyo. Wote wamesoma."

"Mko wangapi?"

"Wanne. Nikijitoa mimi, watatu."

"Injini, amesoma. Kitinda, amesoma. Na huyu mama mwenye kilemba, jana saa nane na dakika nne. Dakika mbili tu baada ya kutuma! Mtu mzima lakini yuko haraka. Ni nani?"

"Mama yangu."

"Mungu amzidishie afya."

"Amefariki," Mama Kopi akasema. "Mwaka na miezi miwili sasa."

Fundi bomba alimtazama, akaitazama simu, akamtazama tena. Mashine ya plastiki ilikuwa inapoa pembeni ikilialia kidogo. "Basi," akasema mwishowe, taratibu, huku akinyanyua begi lake la spana, "meneja wangu hana kisingizio kabisa." Akaweka sarafu mezani bila kungoja chenji, akatoka kinyumenyume.

Mama Kopi aliketi. Akapandisha ujumbe mmoja juu, wa Jumapili iliyopita. Mama amesoma. Wa kabla yake. Mama amesoma. Alirudi nyuma, wiki baada ya wiki, mpaka Jumapili ya kwanza baada ya mazishi, ujumbe ambao aliukumbuka kwa sababu aliuandika akiwa amejifungia bafuni: Mama, tumekuzika vizuri, watu walijaa. Alama mbili, za buluu. Mama amesoma, saa kumi na dakika tisa.

Kilichomtisha zaidi ya alama zenyewe ni kwamba zilikuwa za buluu wakati wote. Zilikuwa pale kila wiki, zinamtazama, naye anafundisha watu maana yake kwa ujira. Laini isiyowekewa salio hufa. Kuna mtu aliyekuwa akimwekea marehemu salio.

Alimpigia Injini kwa simu ya kawaida.

"Simu ya mama unayo?"

"Simu gani?" Nyuma yake nyundo iligonga bati. "Si uliichukua wewe?"

"Mimi sikuichukua. Nilidhani wewe."

"Dada, mimi nilichukua redio na kofia ya baba. Simu nilijua unayo, wewe ndiye mtu wa simu. Kwani vipi?"

Akamweleza. Nyundo ikanyamaza. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Injini alizimika bila kuzimwa.

"Siku ya msiba," Mama Kopi akasema, "mara ya mwisho uliiona wapi?"

"Kwenye meza ya chaji."

Wote wawili waliiona meza hiyo. Msiba ulikuwa na watu mia mbili na umeme wa soketi moja. Mkwe wa nyumba, kijana msikivu, alitafuta meza, akavuta waya kutoka dirishani, akapanga chaja kwa mistari, akabandika kila simu kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Watu walimsifu mpaka wakasahau kumlilia marehemu. Simu ya mama ilikuwa pale pia, inapigwa na wanaotoa pole. Ilikuwa ni yeye aliyeinunua simu hiyo miaka mitatu iliyopita, zawadi kwa mama mkwe, na yeye aliyeiwasha, akaitengeneza, akachagua namba za kufuli kwa sababu mama alisema macho yake hayaoni namba.

"Nitampasua," alisema Injini.

"Hutampasua. Hatujui bado. Nyamaza, usiandike chochote kwenye grupu, na utafute gari la kubeba vitanda viwili."

*

Swali sasa lilikuwa moja: anajua nini? Mama Kopi aliamua kulijibu kwa njia aliyoijua. Picha zote ambazo Kitinda alituma kwa miezi tisa, thelathini na nane, alizituma kwenye kompyuta nzima na kuzichapa, moja kwa karatasi. Printa ilizitoa polepole, ikianza na dari za vyumba, kisha nywele za watoto, kisha nyuso.

Alizoea kutazama picha za watu kwa kuzikuza, kutafuta kivuli kwenye sikio au doa kwenye kola. Safari hii hakutazama nyuso. Alitazama nyuma yake. Kitinda alikuwa mwangalifu: ukuta mtupu, ukuta mtupu, pazia. Picha ya tisa, pazia lilikuwa wazi kidogo. Tangi la maji lililopakwa rangi ya chungwa, na mguu mmoja wa mnara. Ya kumi na saba, sweta la shule kwenye kiti, beji ikiwa imekunjwa nusu. Ya ishirini na sita, nusu nyingine ya beji. Ya thelathini na moja, mtoto mkubwa ameshika jino lake lililong'oka na kutabasamu kwa pengo, na kwenye kioo cha kabati nyuma yake, kinyume, maandishi ya kibao cha duka ng'ambo ya barabara.

Aliyaandika maandishi hayo upya kwa mkono, kutoka kulia kwenda kushoto. Akafungua ramani kwenye kompyuta. Mji alikuwa anaujua. Akaingiza jina la duka. Ikamletea matatu. Akatafuta lenye shule karibu. Likabaki moja. Akaisogelea kutoka juu, kama ndege asiye na haraka, mpaka akaona kiduara kidogo cha rangi ya chungwa juu ya paa.

Dakika ishirini na tano. Mdogo wake alikuwa pale, chini ya bati lile, na yeye asiyetakiwa kupajua alikuwa anapatazama, akiwa ameketi kwenye stuli ya wateja. Shemeji alikuwa amepewa miezi tisa.

"Shikamoo dada."

Hakusikia mlango. Shemeji alisimama mbele ya kaunta, shati limepigwa pasi, nywele zimechongwa, uso wa mtu anayengoja zamu yake kanisani au benki. Kwenye trei ya printa, kati yao, picha ya thelathini na nane ilikuwa bado inatoka: nywele za watoto kwanza.

"Marahaba, shemeji." Akainuka, akaliweka bunda jipya la karatasi juu ya trei kwa uzito ambao haukuhitajika. Printa ikakoroma ikasimama. Skrini aliigeuza ukutani. "Inanisumbua tangu asubuhi. Nikusaidie nini?"

"Nina picha ndogo tu. Nataka uitie plastiki." Akatoa bahasha, na kutoka humo picha iliyosafishwa mahali pengine, kwenye karatasi ya kung'aa. Wanawe wawili, wamekatwa kutoka mabegani kwenda juu. "Niiweke mezani kazini. Mtu asisahau sura za watoto wake."

"Umefanya vizuri. Ni ya lini?"

"Ya zamani. Niliikuta kwenye simu. Kabla hawajaondoka."

Mama Kopi alivaa miwani nzima. Mtoto mkubwa alikuwa anatabasamu. Katikati ya meno ya mbele, juu, palikuwa na pengo jeusi lililokaa pale kwa muda usiozidi miezi miwili. Alipotoka kwa baba yake, meno yake yote yalikuwa kinywani. Mama Kopi aliyaona mwenyewe yakitafuna biskuti kituo cha basi. Na baba mtu, aliyekaa na mtoto huyo miaka sita na nusu, aliitazama picha ileile na hakuona kosa lolote. Hakujua kwamba walipoondoka jino lilikuwepo.

"Wamependeza," Mama Kopi akasema.

"Eeh. Wamekua."

Maneno hayo mawili yalikaa kwenye kaunta. Kama aliyasikia mwenyewe, hakuonyesha. Mfukoni mwa shati lake simu ilikuwa inawaka na kuzima kupitia kitambaa. Kwenye kiuno chake ilining'inia nyingine, ile ambayo kila mtu aliijua.

"Mashine imeshapoa," akasema Mama Kopi. "Iache, uje kesho."

"Hamna haraka, dada. Mimi nimejifunza kusubiri." Akatabasamu, akaagana, akafunga mlango nyuma yake kwa mikono miwili ili usigonge.

*

Kitinda alipokea kwa mlio wa kwanza. Kulikuwa na upepo.

"Dada! Nilikuwa nakufikiria. Nataka nikuulize kitu, usinicheke."

"Uko wapi sasa hivi?"

"Nje, getini. Dada, ni wewe uliye na simu ya mama?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nimekuwa namwandikia. Sio kwenye grupu, pembeni. Tangu nifike huku. Mwanzoni nilijua haziendi popote, nilikuwa natua mzigo tu. Halafu nikaona anasoma. Kila ninachoandika, anasoma. Nikasema ni dada, amebaki na simu, anasoma kwa niaba ya mama na hataki kuniaibisha. Nikaendelea. Dada, usiku nalala vizuri kwa sababu ya hizo alama."

"Umemwandikia nini?"

"Yote. Jinsi mkono unavyouma kukiwa na baridi. Kwamba nakagua kitasa mara tatu. Kwamba nikisikia mtu anapiga mluzi kama wake nashindwa kupumua." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Halafu leo amejibu."

"Ameandika?"

"Hapana! Ndiyo maana nakuuliza. Mama haandiki. Ametuma sauti."

"Niwekee niisikie."

Kulikuwa na mkwaruzo, kimya, halafu mama yao akazungumza dukani. Sauti yenyewe, nzito, iliyobanwa karibu mno na simu, na pumzi yake mwanzoni mwa kila sentensi. "Mwanangu. Mbona hunionyeshi unapokaa? Toka nje, unigeuzie simu, nione na barabara. Nione geti. Roho yangu itulie." Na kabla haijakatika, mbali, nyuma ya mama, mwanamke mwingine aliita kwa kukosa subira: "Mama! Maji yanapoa!"

Mama Kopi aliijua sauti ya yule mwanamke. Ilikuwa yake.

Akaikumbuka siku hiyo: miaka mitatu iliyopita, beseni mlangoni, mama akiichezea zawadi yake mpya, Kitinda akiwa amehamia nyumba nyingine na mumewe. Mama alimwomba mwanawe amwonyeshe geti. Sasa mtu alikuwa ameirudia orodha ya maneno ya marehemu, moja baada ya jingine, mpaka akapata linalomfaa.

"Kitinda, tazama juu ya hiyo sauti. Kuna mshale mdogo?"

"Upo."

"Maana yake haikurekodiwa leo. Imechukuliwa mahali pengine ikatumwa tena. Umeshatuma picha?"

Upepo uligongesha geti nyuma yake.

"Kitinda. Umetuma?"

"Nimeshapiga. Ya geti na barabara. Kidole kilikuwa juu ya kitufe ulipopiga."

"Ifute. Ingia ndani. Sio mimi niliye na simu ya mama, na sio Injini."

Hakuhitaji kutaja. Alisikia mdogo wake anaelewa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeketi chini bila kuchagua mahali. Kisha, sauti nyembamba: "Ina maana miezi tisa nimekuwa namsimulia yeye jinsi ninavyomwogopa yeye."

"Ndiyo."

"Na alikuwa anasoma yote."

"Ndiyo. Funga virago. Injini anaondoka saa hii."

*

Injini alifika huko alfajiri ya pili na gari la mteja lililokuwa na breki nusu. Hadi saa sita mchana chumba kilikuwa kitupu, na watoto walikuwa kwenye mji wa tatu, ambao hata katika hadithi hii haufai kuelezwa una milima au hauna. Mama Kopi alikwenda kituo cha polisi na karatasi zake thelathini na nane zilizotobolewa na kufungwa kwa uzi. Ofisa alimsikiliza kwa makini.

"Simu iliyoibiwa ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Na yeye mwenyewe anaweza kuja kuandika maelezo?"

Aliandika maelezo yeye. Ofisa alimpa namba ya jalada, na namba hiyo aliipeleka kwa kampuni ya simu, ambako alipewa fomu, ambayo kwa bahati nzuri alikuwa na nakala zake mia mbili dukani.

Lilibaki grupu. Mpaka Kitinda atulie hawakumgusa marehemu, ili mwenye simu asishtuke. Waliendelea kuandika mambo ya kijinga: Injini analalamikia gasketi, Mama Kopi analalamikia wino. Mama alisoma yote, kwa uvumilivu wa mzazi. Katikati ya wiki, kwa sekunde kadhaa, chini ya jina lenye kilemba cha manjano palitokea maneno: anaandika... Yakatoweka. Mama Kopi aliifunika simu kwa kitambaa cha kufutia skana na kutoka nje kusimama na watu.

Jumapili, saa nane mchana, yeye na Injini waliketi dukani, mlango umefungwa. Kitinda alikuwa kwenye simu nyingine, laini nyingine. Walikuwa wamekubaliana: leo mama anatolewa.

"Niacheni niseme naye kwanza," Kitinda alisema. "Kwa ile namba ya zamani. Halafu naivunja."

"Utakuwa unasema na yeye, sio na mama," Injini alisema.

"Najua nitakuwa nasema na nani."

Ujumbe ukaingia. Mama Kopi akauweka sauti ya juu. "Mama," alisema Kitinda, bila kutetemeka, "sisi wazima. Picha hatutakutumia tena. Ulitufundisha kutuma ili utulie, na sasa umetulia. Aliyeshika simu yako na asikie: sikagui tena kitasa mara tatu. Nakagua mara moja."

"Alama mbili, za kijivu," Kitinda akasema kwenye ile laini nyingine. Injini alikuwa na simu yake mkononi pia, kidole tayari juu ya jina la mama, na kidole hicho, kilichowahi kunyanyua gia boksi, hakikushuka.

"Bonyeza," Mama Kopi akasema.

"Bonyeza wewe. Wewe ndiye mkubwa."

"Zimegeuka buluu," Kitinda akasema.

Wakangoja, bila kujua wanangoja nini. Kisha, katikati ya kioo, kwa herufi ndogo za kijivu ambazo programu huzitumia kutangaza jambo lisiloihusu, ukatokea mstari mmoja:

Mama ametoka.

Injini aliusoma mara mbili. Akafungua mdomo, akaufunga. Mama Kopi alijua anachokikumbuka, akamshukuru kwa kutokisema.

*

Shemeji hakurudi kuchukua picha yake. Imo kwenye droo, chini ya picha za pasipoti za watu waliozisahau, na haijatiwa plastiki. Mtaani wanasema amehama. Wengine wanasema yupo, ila anapita barabara ya pili. Jalada liko mezani kwa ofisa, na Mama Kopi hupita kulisalimia kila mwisho wa mwezi. Karatasi ya ukutani ameichapa upya, na yale maneno ya kalamu sasa yamo kwenye chapa.

Grupu jipya lina watu watatu. Waliingizwa mmoja mmoja, kila mtu akasikiwa kwanza kwa sauti ya moja kwa moja na kuulizwa jambo ambalo mama alimwambia yeye peke yake. Injini alilia kwenye swali lake, akasingizia petroli. Picha hazitumwi. Kila Jumapili Mama Kopi huandika "Sisi wazima," hubonyeza, hushikilia, na kutazama nani amesoma. Injini. Kitinda. Anahesabu tena, wawili, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kuteremsha komeo.

Jumapili iliyopita jibu la Kitinda lilikuja mapema.

"Jino limeota," aliandika.

Mama Kopi alianza kuandika: hebu nio... Akaacha. Akafuta herufi moja moja mpaka pakawa patupu, akaandika badala yake: "La upande gani? Limenyooka?"

"Limepinda kidogo. Kama la mama."

Akaweka simu chini, akafumba macho, akalitazama.